Nyumba Ikigoma Kukaa Safi: Dalili, Chanzo na Dawa kwa Anayerudi Usiku

Simama mlangoni na simu yako, piga picha ya sebule kama ilivyo sasa hivi. Usiondoe hata kikombe. Kisha kaa uitazame picha hiyo kama ya nyumba ya mtu mwingine. Macho yetu yamezoea vurugu zetu, tunapita pembeni ya rundo la nguo mwezi mzima bila kuliona. Kwenye picha halijifichi.

Naishi Mbagala, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule: mimi, mume wangu, watoto wawili, na binti anayetusaidia kazi. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi saa mbili usiku foleni ikiwa imekaa vizuri. Kwa muda mrefu niliamini tatizo langu ni uvivu. Jumamosi nasafisha kwa hasira mpaka mgongo unauma, Jumanne nyumba imerudi pale pale. Mambo yalibadilika nilipoacha kulifagilia mbali rundo nikaanza kulihoji: hiki kitu kimetoka mkononi mwa nani, alikuwa anakipeleka wapi, na kwa nini kimeishia hapa? Karibu kila mara niligundua kitu hakikuwa na pa kwenda, au pa kwenda palikuwa pagumu kufika. Uvivu haukuwamo.

Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta ile inayokusumbua zaidi, ishughulikie hiyo kwanza, nyingine zisubiri wiki ijayo. Nina ombi moja tu kabla hatujaanza: usinunue chochote mpaka ujue chanzo. Yale maboksi mazuri ya plastiki yenye mifuniko yanayopangwa barabarani Kariakoo, ukiyabeba kabla ya kujua yanakwenda kutatua nini, yatageuka vitu vingine vya kutafutiwa nafasi.

Dalili: kochi au kiti cha chumbani kimefukiwa na nguo

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na watu wengi huitibu vibaya kwa sababu wanadhani rundo ni moja. Limwage sakafuni uligawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nguo safi zilizoanuliwa zikasubiri kukunjwa. La pili ni chafu. La tatu mimi naliita nguo za nusu: jinzi iliyovaliwa mara moja, shati la ibada ya saa mbili tu, sweta la ofisini kwenye kiyoyozi, kanga ya kujifunga ukitoka kuoga. Tazama fungu lipi limeyashinda mengine. Hilo ndilo linalokuambia ugonjwa.

Zikiwa nyingi ni safi, tatizo liko kambani. Nguo zinaanuliwa kwa haraka, mvua imetishia au giza limeingia, zinatupwa kochini kwa nia ya kukunjwa "baadaye kidogo", na kwa mtu anayerudi saa mbili usiku baadaye hiyo haipo. Kunja pale pale kambani. Unatoa kibanio, unakunja, unaweka kwenye beseni. Beba mabeseni mawili, la watu wazima na la watoto, ili zikiingia ndani ziwe zimeshajitenga. Nililipima kwa saa ya simu: kuanua na kukunja papo hapo nguo za familia ya watu watano kulinichukua dakika kumi na nne. Kuanua peke yake kulikuwa dakika tano. Dakika tisa zile ndizo zilizokuwa zinanilalia kochini kuanzia Jumapili mpaka Alhamisi.

Zikiwa nyingi ni chafu, kapu liko mbali na pale watu wanapovulia nguo. Usibishane na miguu ya watu. Mtoto akivua sare ya shule sebuleni mbele ya runinga, kapu lake lisogee karibu na hapo, nyuma ya mlango au pembeni ya kabati. Tena liwe halina mfuniko. Mfuniko ni mkono wa pili, na mtu aliyechoka ana mkono mmoja.

Nguo za nusu ndizo ngumu. Kabatini zikikaa na safi zinatia harufu, kwenye kapu zinafuliwa bure na kuchakaa, kwa hiyo zinabaki kitini kwa sababu kiti ndicho pekee kisichozikataa. Zinahitaji makazi yao. Mwite fundi seremala akukatie ubao wa mita moja, apige vitundikio sita. Ubao mzima unashikwa ukutani kwa matundu mawili tu, jambo ambalo mwenye nyumba hulikubali kirahisi kuliko misumari sita ya zege iliyobomoa lipu yake. Kila mtu kitundikio kimoja. Kikijaa, kitu kimoja kinashuka kwenda kapuni. Hiyo ndiyo sheria yote.

Dalili: umesafisha Jumamosi, Jumanne pamerudi kama zamani

Kwanza jiulize ulisafisha au ulificha. Kusukuma vitu chini ya kitanda na kufunga mlango wa chumba kwa sababu wageni wanakuja ni kuficha. Sote tunafanya, ila vitu vilivyofichwa vitatafutwa Jumatatu asubuhi kwa pupa na vitatoka vikiwa wazimu zaidi.

Kama kweli ulipanga na bado pamevurugika, hesabu mikono. Chukua kitu kimoja kinachozurura kila siku, tuseme mkasi, chaja au funguo, uhesabu hatua za kukirudisha mahali pake. Mkasi wangu ulikuwa unakaa kwenye boksi, boksi kwenye droo, droo iko chumbani. Kuingia chumbani, kuvuta droo, kufungua boksi, kuweka, kufunga, kusukuma. Hatua sita! Nikautundika kwenye msumari jikoni pembeni ya dirisha, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata pakiti za maziwa. Tangu siku hiyo haujapotea. Kitu kinachotumika kila siku kirudi kwa hatua moja, cha kila wiki kwa hatua mbili. Boksi lenye mfuniko juu ya kabati liachie vitu vya mwaka.

Chanzo kingine ni kwamba unayejua mahali pa vitu ni wewe peke yako. Mwaka jana nilikuwa nakuta begi la mwanangu wa darasa la kwanza limelala katikati ya mlango kila jioni. Nilimsema, nikamsema tena. Siku moja binti wetu wa kazi akaniambia taratibu, tukiwa tunachambua mchele:

"Dada, hafiki."

"Hafiki wapi?"

"Pale ulipopiga msumari. Huwa anarusha begi lishike, likianguka anaondoka zake."

Nikainuka na futi ya kushonea. Msumari ulikuwa sentimita 140 kutoka sakafuni, na mtoto mwenyewe ana 115. Nikaushusha mpaka 90. Begi limetulia pale mpaka leo, na nilimwomba mwanangu radhi kwa yale maneno yote. Kabla hujamlaumu mtoto, mume au msaidizi wa kazi, simama alipo yeye, kwa kimo chake na kwa mikono iliyojaa kama yake, ujaribu kuweka kitu pale unapotaka akiweke.

Vyanzo vikishatibiwa, usiku hauhitaji zaidi ya dakika kumi. Mimi nina sehemu tatu tu: kochi liwe tupu, meza iwe tupu, karo isiwe na vyombo. Mengine yanaweza kungoja. Mtu akiamka alfajiri akakuta hizo tatu ziko safi, anaianza siku na moyo mwingine kabisa.

Dalili: mlangoni hapapitiki

Viatu. Pwani tunavua viatu mlangoni, ni desturi njema, lakini watu watano wenye jozi nne nne ni viatu arobaini kizingitini. Jozi mbili kwa kila mtu zibaki mlangoni, yaani ndala na za kutokea, na nyingine ziende chumbani. Stendi ya viatu ya ngazi nne inatosha, na ikiwa ya chuma ichague yenye matundu ili mchanga udondoke chini.

Halafu kuna mifuko. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, kila tukienda dukani bila mfuko tunarudi na ule mbadala wa kitambaa chepesi. Fungua nyuma ya mlango wako wa jikoni uhesabu. Mimi nilikuta sitini na tatu, mmoja ndani ya mwingine. Nikabakiza kumi, mitatu kati ya hiyo nikaikunja nikaitia kwenye mkoba wa kazini, iliyosalia nikampelekea mama anayeuza mboga gengeni, naye aliipokea kwa furaha maana mifuko anainunua. Usipoweka hiyo mitatu kwenye mkoba, rundo litarudi ndani ya miezi michache.

Dalili: jikoni hakuna pa kuweka hata ubao wa kukatia

Toa makopo yote ya plastiki, kila moja ulivike mfuniko wake. Yasiyo na mfuniko, na mifuniko isiyo na kopo, ndiyo nusu ya tatizo lako. Yageuze ya kupandia mchicha au yaondoke.

Nusu ya pili, kwa wengi wetu Dar es Salaam, ni maji. Ndoo na madumu ya lita ishirini yanakaa jikoni kwa sababu bomba halitabiriki, na hayo huwezi kuyatoa. Yapange kwa mstari mmoja chini ya meza, yenye maji upande mmoja na matupu upande mwingine, na yafunikwe yote. Dar imepata milipuko ya dengi, ukiwemo wa 2014 na wa 2019, na mbu anayeieneza anapenda kutaga kwenye maji yaliyotulia ndani ya nyumba na kuizunguka. Pazia la kanga mbele ya meza hiyo linaficha madumu vizuri sana, ila liwe mbali na jiko. Mtungi wa gesi usiufungie kabatini hata kama unakuharibia mandhari. Ukae wima, mahali penye hewa.

Dalili: kila kabati limejaa na bado vitu viko nje

Hapa chanzo ni kigumu kukitamka kwa sababu kina sura za watu. Fungua kabati la vyombo sebuleni. Hotpoti tatu za seti, glasi ishirini na nne, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, birika. Vimetoka kwenye kitchen party, vimetolewa na shangazi, wifi, rafiki wa chuo. Tunaviita vya wageni, na mgeni akija tunampa maji kwenye glasi ya kila siku kwa kuogopa kuvunja ile seti. Chini ya kitanda kuna sanduku la vitenge vya sare za harusi: ya Doris, ya kaka, ya jirani, kila moja imevaliwa siku moja.

Sikuambii utupe. Anayesema utupe hajui kilichomo. Nakuambia uvitumie. Mimi nilishusha vile vikombe vya dhahabu vikawa vya chai ya asubuhi, nikatoa vya plastiki vilivyopauka. Viwili vimeshavunjika, na shangazi aliyenipa aliponikuta navinywea alifurahi kuliko angevikuta vimefunikwa vumbi. Hotpoti nikabakiza moja, mbili nikampa mdogo wangu aliyekuwa anaanza maisha.

Vitenge vya sare vilinipa zawadi ambayo sikuitegemea. Gauni la sare lina kitambaa kizuri mgongoni na kwenye sketi. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alinitolea foronya mbili za mito ya kochi kutoka kila gauni, za sentimita 45 kwa 45. Sasa mito sita ya sebuleni ni harusi tatu. Wageni wanaitambua: "He, hii si ya harusi ya Doris?" na maongezi yanaanzia hapo. Sanduku limetoka chini ya kitanda, sebule imepata rangi, na sijanunua kitu zaidi ya sufi ya kujazia.

Dalili: nyumba imepangika lakini haivutii, imebanana

Anza na taa. Balbu nyingi tunazofunga ni zile nyeupe za kukaribia bluu, boksini zimeandikwa 6500K, moja tu katikati ya dari. Zinafaa jikoni na kwa mtoto anayesoma. Sebuleni zinafanya kila kitu kionekane kama kiko zahanati. Tafuta balbu ya 2700K au 3000K, yenye mwanga wa njano, na kama unaweza weka taa ya pili ya mezani pembeni ya kochi. Ni mabadiliko ya bei ndogo, na yanaonekana usiku ule ule, saa ambazo wewe mfanyakazi uko nyumbani.

Kisha pima makochi. Seti kubwa ya watu saba ndani ya sebule ya mita tatu kwa nne inakula njia. Pita kati ya kochi na meza: ukilazimika kwenda kwa ubavu, kitu kimoja kiondoke, na mara nyingi kinachoweza kuondoka ni meza ya kioo ya katikati. Stuli mbili ndogo zinafanya kazi yake na husogezwa wageni wakija.

Pazia nalo linadanganya macho au linayasaidia. Bomba la pazia likifungwa juu kidogo tu ya dirisha, na kitambaa kikaishia nusu ya ukuta, chumba kinaonekana kifupi. Lipandishe mpaka vidole vichache chini ya dari, kitambaa kishuke hadi sakafuni.

Kwenye kuta, wazee wa pwani walijua jambo ambalo nyumba zetu za kupanga zimelisahau. Katika nyumba za kale za Lamu, ukuta wa chumba cha ndani ulitengenezwa safu za zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kwenye lipu ya chokaa, na humo zikapangwa kauri na vyombo vya thamani. Pambo na hifadhi vilikuwa kitu kimoja, na sakafu ikabaki na mkeka tu. Jikoni walikuwa na susu iliyoning'inizwa, chakula kikakaa juu, chini pakawa peupe. Huwezi kuchonga zidaka kwenye nyumba ya mtu, lakini unaweza kupiga rafu mbili nyembamba za mbao juu ya usawa wa kichwa, ukachagua vitu vitano vinavyostahili kuonekana. Vitano. Kitu cha sita kikija, kimoja kishuke.

Na kama una ukuta mmoja mtupu unaokusumbua, tandaza kanga. Moja ina upana wa takriban sentimita 110 na urefu wa 150, inajaza ukuta wa nyuma ya kochi barabara. Ipige pasi, ukunje pindo la juu upitishe fimbo nyembamba, uitundike kama bendera. Chagua yenye rangi ambazo tayari zimo chumbani, na usome jina lake vizuri kabla hujaitundika, maana wageni watalisoma na mwingine atadhani amesemwa yeye.

Vitambaa vya kufuma juu ya makochi, juu ya runinga, juu ya redio, juu ya jagi: najua vina historia na mikono ya mama zetu. Bakiza kimoja pale kinapoonekana kwa heshima. Vikiwa kumi na viwili hakuna kinachoonekana.

Dalili: kabati linanuka uvundo, nguo zina madoa ya ukungu

Hii huja na masika, Machi hadi Mei, na haina uhusiano na usafi wako. Hewa imejaa unyevu, ukuta wa nje umelowa, kabati limegandishwa ukutani. Livute litoke vidole vinne. Nguo isiyokauka barabara isiingie hata kama umechoka kuiangalia. Afadhali ilale usiku mzima kwenye kamba ya ndani karibu na feni. Jua likichomoza hata kwa saa mbili, fungua milango yote ya kabati.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilinunua kabati la kitambaa, lile la vyuma vyembamba na zipu, kwa kuwa lilikuwa rahisi. Masika moja tu, kitambaa cha nyuma kikawa na madoa meusi na suti ya mume wangu ya harusi ikaingia nayo. Kama uko pwani na chumba chako hakipati jua, afadhali bomba la kutundikia nguo lililo wazi, lenye pazia jepesi mbele, kuliko kabati la kitambaa lililofungwa zipu.

Ukungu wa ukutani unaweza kuusugua kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na ile asidi ya kusafishia choo. Hewa inayotoka hapo ni sumu. Doa likirudi mahali pale pale baada ya wiki mbili, chanzo kiko nje, pengine bati linavuja au ardhi ya nje imepanda juu ya msingi. Hapo piga picha zenye tarehe, umpelekee mwenye nyumba kabla ya kulipa kodi ya miezi sita ijayo.